Mzee wa Mizani na Watoto wa Madoa

Ukimuuliza Mzee wa Mizani kama mvua itanyesha, yeye alikuwa anakuuliza kwanza jana ilinyesha kiasi gani. Ukimwambia hukupima, anakunyamazia. Sisi tulikuwa wanawake watatu wenye kazi nyingi, na mtu wa namna hiyo anachosha. Mimi alinichosha miaka miwili mizima, na niseme wazi tangu hapa mwanzo kwamba sehemu ya uchovu huo nilijitakia mwenyewe.

Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu lilichafuliwa vya kutosha katika kanisa letu, na mimi nilikuwepo likichafuliwa. Watu walisema mzee wa Kenya amewadanganya wamama wa Kikongo mpaka wakapoteza nguruwe na ploti. Hapa ugenini, mtaa wa Troyeville ninapokaa, wanasema hivyo hata leo, na kule Rosettenville pia. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, shule ya misheni, Uvira, na kalamu inanichosha mkono upesi. Lakini nimeona niandike jinsi alivyokuwa, maana wanaosema hawakumjua, na aliyejua alinyamaza.

Kazi yake tangu ujana ilikuwa kiwanda cha chakula cha mifugo. Alijua mahindi, soya, pumba na mashudu kama mimi ninavyojua sombe, majani yetu ya muhogo. Alipotukuta, mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, alikuwa ameshaacha kazi, anakaa chumba kimoja Rosettenville, na anaonekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi. Sisi tulikuwa tumekodi ploti kusini ya jiji, pale nyumba zinapoanza kuachana na majani yanakuwa marefu. Tulikuwa mimi, Mama Furaha anayesuka nywele, na Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wetu. Tulikuwa na mabanda mawili, bomba moja la maji, na nguruwe wawili wenye mimba.

Tulichokitafuta kilikuwa kidogo. Mimi nimepika na kuuza bugali, ugali wetu, hapa Troyeville zaidi ya miaka kumi, wateja wangu ni mafundi cherehani na walinzi. Chakula kinaliwa, kesho unaanza tena na sufuria tupu. Nguruwe jike mzuri anakuachia binti, na binti anakuachia binti. Kwa hiyo tulikuwa na swali moja tu: katika watoto watakaozaliwa, ni mabinti gani wa kubaki nao na ni wepi wa kupeleka kwa mwenye bucha. Ukikosea hapo, umekosea miaka yote inayofuata. Mzee wa Mizani ndiye aliyesema swali hilo lina jibu.

"Nguruwe wawili wanaweza kuwa sawa kwa macho," alituambia siku ya kwanza, amesimama mlangoni mwa banda na koti lake la suti. "Mmoja anakula kilo tatu, anaongeza kilo moja ya mwili. Mwenzake anakula nne kwa kilo ile ile. Ukimweka huyo wa pili awe mama, umeweka mdomo."

"Na utamjuaje angali mdogo?" Mama Furaha akauliza.

"Nipe Jumamosi nane."

Hilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Chakula kipya kinafaa? Nipe Jumamosi nane. Huyu anayekohoa tumtenge? Huyo mtenge leo, lakini kama kikohozi kimemrudisha nyuma, nipe Jumamosi nane. Mama Furaha alikuwa anasema huyu mzee hata akifika mbinguni atamwambia Petro asubiri.

Mizani yenyewe ilikuwa ya kuning'iniza, na ndoano mbili. Ya juu aliitundika kwenye boriti, ya chini aliifungia gunia alilolitoboa matundu manne ya miguu. Mtoto wa nguruwe anaingizwa humo, miguu inatokeza chini, analia kama anachinjwa. Hapo ndipo ungemwona mzee yule mkavu, asiyekusalimia mara mbili, anaanza kuimba. Aliimba nyimbo za kanisa za kwao, polepole, kwa sauti ya chini, mdomo karibu na sikio la mnyama. Nguruwe ananyamaza, mshale unatulia, yeye anasoma namba, anaandika, wimbo unakatika hapo hapo alipofika. Sijawahi kumsikia akimaliza ubeti.

Alipima kila kitu. Alipima mkate wa dukani akatuambia umepunjwa. Alipima Biblia ya Mama Mchungaji, kubwa ile ya Kifaransa, akasema ni nzito kuliko mtoto wa nguruwe wa kawaida siku ya kuzaliwa. Mama Mchungaji hakujua acheke au aombe. Siku moja alitaka tepu ya fundi, maana nguruwe mkubwa haingii kwenye gunia. Unampima kifua nyuma ya miguu ya mbele, unampima urefu toka masikioni mpaka mkiani, halafu kuna hesabu inayokupa kilo. Nilikwenda naye Fordsburg kununua. Alimwambia mwenye duka atoe tepu tatu, akazilaza juu ya kaunta sambamba. Zote tatu zilitofautiana.

"Mjomba, hii moja inasema uongo," akamwambia mwenye duka.

"Ipi?"

"Bado sijui. Labda zote."

Tulikaa pale mpaka mwenye duka akaleta rula ya chuma ili tuondoke. Mimi nilikuwa na maharage kwenye jiko nyumbani. Maharage yaliungua.

Lakini niseme haki yake. Yale aliyoyabashiri yalikuwa yanatokea. Alikuwa na chaki, na ukutani mwa banda aliandika namba ya kila nguruwe na kilo atakazokuwa nazo Jumamosi ya wiki nne mbele. Ikifika siku hiyo tunampima mbele ya ukuta. Watoto wa yule jike mweupe, tuliyemwita Mweupe, alikuwa anawapata mmoja mmoja, akikosea basi ni kilo moja. Mreno mwenye bucha Rosettenville, aliyekuwa ameahidi kutununulia, alikuja akaona ukuta ule akavua kofia akajikuna kichwa. Alimwambia mzee aje ambashirie na kilo za mkewe.

"Ana umri gani?" Mzee wa Mizani akauliza, bila kucheka hata kidogo.

Ukimwambia unajua kwa macho, alikuwa anakuuliza, "Mama, macho yako yana kilo ngapi?" Mimi nilimjibu mara moja, "Papa, nimezaa watoto saba na sikumpima hata mmoja, wote wamekua." Akanitazama. "Na ni wangapi kati yao waliokuwa wanakula vya wenzao?" Walikuwepo wawili.

Sasa mtu huyo huyo, sukari kwenye chai alikuwa anaimwaga. Hachoti, anamwaga moja kwa moja kutoka kwenye mfuko wa sukari, mpaka Mama Mchungaji anafunga macho. Ukimwambia, anasema hayo ni mambo yake binafsi. Na nyama ya nguruwe hakula. Tulidhani ni dini. Siku ya Krismasi Mama Furaha alimwekea sahani, akaisogeza. "Siwezi kumla niliyemwandika," akasema. Alikula wali na kabichi, akaomba aongezewe.

Neno jingine alilokuwa anarudia lilikuwa la ndoo. Alisema nguruwe hasemi uongo, anayesema uongo ni ndoo. Maana yake ni kwamba mwili wa mnyama unaonyesha alichokula, lakini watu wanamwaga ndoo bila kuangalia, halafu wanaandika namba ya kubuni. Kwa hiyo kila Jumamosi alipima chakula cha wiki nzima mwenyewe, akakigawa katika mifuko, kila mfuko na siku yake na banda lake. Sisi kazi yetu ilikuwa kumwaga tu. Mama Furaha Jumatatu na Alhamisi, mimi Jumanne na Ijumaa, Mama Mchungaji Jumatano na Jumapili baada ya ibada. Kilichobaki kwenye kihori alikikwangua akakipima. Hata vumbi alilipima.

Hapa ndipo ninapofika kwa Madoa.

Madoa alikuwa jike letu la pili, mweupe mwenye madoa meusi, mpole. Alizaa watoto tisa wiki moja na Mweupe, na maziwa yakamkauka. Watoto wake walikua kwa kubahatisha. Walipoachishwa ziwa, wale wa Mweupe walikuwa wamejaa kama mito ya kulalia, na wa Madoa mgongo wao ulikuwa kama kisu. Wa Mweupe walikaa banda la kwanza, wa Madoa banda la pili. Mzee aliwapimia wote kwa kanuni, kila mmoja kwa kadiri ya uzito wake. Mwenye mwili mdogo, chakula kidogo. Alieleza kwa nini. Alieleza vizuri. Mimi nilikuwa natazama wale watoto wanalamba ukuta.

Kwetu mtoto wa jirani akiwa na njaa unamlisha unanyamaza. Hutangazi. Ukitangaza umemwaibisha mama yake, na umemwonyesha mwenye nyumba kwamba watoto wake hawashibi. Mimi nimelelewa hivyo, na nililisha hivyo, na watoto wangu walilishwa hivyo wakati wa vita, na wanawake ambao mpaka leo hawajaniambia. Kwa hiyo Jumanne moja nilichukua bugali uliobaki kwa wateja wangu, nikauchemsha tena na maji ya dagaa, nikajaza ndoo ndogo ya plastiki, ile ya mayonezi, nikapanda teksi nayo imefunikwa kitenge. Nilimwaga mfuko wa mzee kama ulivyoandikwa, halafu nikawapa watoto wa Madoa ndoo yangu. Waliimaliza nikiwa bado nimeishika. Ijumaa nikaleta nyingine. Sikumwambia mtu. Nilisuuza kihori kikauka kabla ya Jumamosi.

Basi ukuta ukaanza kukosea. Mzee aliandika namba za watoto wa Madoa kwa chaki, na kila Jumamosi walizipita. Alipandisha namba, wakazipita tena. Kwa chakula alichokiandika kwenye daftari lake la ganda jekundu, hawa ndio walikuwa wanaongeza mwili mwingi kwa chakula kidogo kuliko nguruwe yeyote aliyewahi kumwona. Alipima mizani kwa mfuko wa sukari. Alibadilisha vyombo vya maji. Alidhani ni udongo wa banda la pili, akachimba, akautia kwenye gazeti, akaulamba.

"Papa, unakula udongo?" nikamuuliza.

"Kuna kitu hapa, Mama. Hawa wanapata wapi?"

Na akauliza. Hilo nataka lijulikane. Alituweka sote watatu mbele ya banda, akauliza kwa heshima, kofia mkononi, "Mama zangu, kuna yeyote anayewaongezea hawa kitu?" Mimi ndiye niliyesema hapana wa kwanza. Mama Furaha akasema hapana. Mama Mchungaji akasema hapana, na aongeze nini wakati hata nyumbani kwake hakuna. Kila kitu alikipima mara mbili, lakini neno letu alilichukua vile lilivyo.

Baada ya hapo nilimwona akifurahi, mara ya kwanza na ya mwisho. Alikuwa anakuja mapema, anasimama banda la pili, mikono nyuma. Alisema huenda kuna damu katika ukoo wa Madoa ambayo hakuna aliyeiona, na kwamba miaka yote kiwandani aliwapimia watu chakula bila kukutana na mnyama wa namna hii, sasa amekuja kumkuta kwenye ploti ya wamama, nyuma ya bomba. Ningesema siku hiyo. Nilifungua mdomo, nikamwambia chai imepoa.

Jumamosi ya nane ilipita, akaongeza nyingine mbili ili awe na hakika. Halafu akatoa jibu. Mabinti wa Mweupe wote waende bucha. Mabinti wanne wa Madoa wabaki, wawe mama wa banda letu. Mama Furaha hakupenda, aliwapenda wale weupe, warefu, wenye mgongo ulionyooka. Hata mimi macho yangu yaliniambia tubaki na weupe. Nilijua zaidi ya macho. Lakini nilijiambia ndoo mbili kwa wiki, kwa watoto tisa, ni kitu gani? Haziwezi kugeuza hesabu ya mtu aliyesoma. Ndivyo nilivyojiambia, na hapo ndipo nilipokosa. Mreno akachukua weupe, akafurahi sana, akaagiza wengine kama hao kwa Krismasi ya mwaka uliofuata.

Wale mabinti wanne walikuwa mama wazuri, siwasingizii. Walizaa watoto thelathini na kitu, na maziwa yalikuwepo. Watoto walizaliwa wanono, na hakuna anayemhurumia mtoto mnono. Sikubeba ndoo. Tukawapa mifuko ya mzee kama ilivyoandikwa, na mzee akaandika ukutani namba za ajabu, namba za ukoo wa Madoa. Jumamosi ya kwanza hawakuzifikia. Ya pili hawakuzifikia. Walikula, walikula sana, mwili ukaja pole pole. Alifuta chaki kwa kiganja, akaandika upya, akafuta. Mkono mmoja wa suti yake ukawa mweupe wote kwa chaki. Mimi ningeweza kuanza tena kubeba bugali, lakini kwa watoto thelathini na kitu ningefunga biashara.

Desemba Mreno alikuja na gari lake, akatembea katikati yao, akawabonyeza mgongoni. Alitikisa kichwa. Alichukua watatu kwa ajili ya adabu, akaenda kwa mkulima mwingine, na hakurudi. Tulijikongoja miezi michache, halafu mwenye ploti akataka ploti yake. Nguruwe waliondoka kwa bei ya mtu aliyeharakishwa. Sitasema zaidi juu ya siku ile, ila kwamba ploti ile ilikuwa mahali pekee katika nchi hii ambapo nilipofika kulikuwa na kiumbe kinachosimama kwa sababu nimefika.

Ndipo likaja lile la kanisani. Jumapili baada ya ibada, viti vya plastiki vimezungushwa, watu wakamwita Mzee wa Mizani ajieleze. Walikuwepo pia watu wa kikundi kingine waliotaka awashauri juu ya nguruwe wao. Walikuja kusikia kwanza. Mama Furaha ndiye aliyesema kwa ukali kuliko wote.

"Papa, sisi tuliona kwa macho. Wewe ukatuambia macho hayana kilo. Bon, sasa tuambie, mizani yako iliona nini?"

Alisimama na daftari lake jekundu. Alikuwa amenyoa, amevaa tai. "Mizani ni ile ile," akasema. "Hesabu nimeirudia. Kuna kitu kiliingia ambacho sikukiandika. Sijui ni nini."

"Hujui," akasema mtu wa nyuma.

"Sijui."

Alinitazama? Hapana. Angenitazama ingekuwa rahisi zaidi. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu, Mama Mchungaji alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Mzee akaketi. Wale wa kikundi kingine waliondoka bila kumpa mkono. Kuanzia hapo hakuonekana kanisani, na mtu akisema "kama mizani ya Mkenya" watu walicheka, nami nilikuwepo, na sikucheka, lakini sikusema neno.

Nilikuwa nimemkasirikia, mnajua. Ndiyo ajabu ya mambo haya. Unamkosea mtu halafu unamchukia yeye. Nilijiambia angekuwa mtu wa kawaida, mtu anayegombeza, anayepiga meza, ningemwambia zamani. Nilijiambia kama ana akili kiasi hicho, mbona hakugundua ndoo ya bibi wa darasa la tatu.

Mwaka huu, elfu mbili na kumi na tisa, nilipeleka mzigo Fordsburg. Kuna duka pale linalotuma vitu kwenda nyumbani. Unapeleka sanduku lako, linapimwa, linaondoka na wenzake. Nilikuwa na vitenge na viatu vya dada yangu aliye Uvira. Foleni ilikuwa ndefu. Nilisikia kabla sijaona. Mtu anaimba pole pole, wimbo wa kanisa, unakatika katikati ya ubeti.

Alikuwa nyuma ya kaunta, amekonda, koti ni lile lile. Kazi yake sasa ni kupima mizigo ya watu. Alichukua sanduku langu, akaliweka kwenye mizani, akaandika, ndipo akainua macho.

"Mama."

"Papa."

"Kilo kumi na tisa na nusu," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa miaka miwili kwa maneno mengi, ya adabu, yenye Mungu ndani yake. Yote yakanikimbia. Nikasema, "Ni mimi niliyekuwa nawalisha watoto wa Madoa. Jumanne na Ijumaa. Bugali. Nilikuwa naficha."

Nilingoja. Nilitaka anitukane, kusema kweli. Nilitaka apige kaunta. Kijana nyuma yangu alikuwa anasema eish, mama, songa.

Mzee wa Mizani aliinama, akavuta begi lake chini ya kaunta, akatoa daftari. Jekundu. Ganda limefungwa kwa mpira. Akafungua bila kutafuta, kama mtu anayefungua mlango wa kwake, na kwenye ukurasa ule kulikuwa na mstari mmoja mtupu, umeachwa chini ya mistari ya chakula cha banda la pili, na pembeni amechora alama ya kuuliza.

"Ndoo gani?" akauliza.

"Papa, nakuomba msamaha."

"Nimesikia. Ndoo gani?"

"Ya mayonezi. Ya lita tano."

"Ilijaa?"

Nikamwonyesha kwa mkono, hapa, chini kidogo ya mdomo.

"Bugali mgumu au mwepesi?"

"Wa walinzi. Mgumu. Nachemsha tena na maji ya dagaa, unalegea."

"Mahindi matupu au na muhogo?"

"Papa, watu wako nyuma yangu."

"Mahindi matupu au na muhogo?"

"Nusu kwa nusu," nikasema, na hasira ikanipanda kama zamani zile, kama siku ya tepu. Naungama dhambi, mtu ananiuliza muhogo. Wote nyuma walikuwa wanaguna. Yeye alikuwa ameshazama, anaandika, midomo inatembea. Aliandika Jumanne kumi na Ijumaa kumi. Aligawanya kwa tisa. Akapiga mstari, akakaa anautazama. Halafu akatikisa kichwa.

"Haifiki," akasema.

"Nini haifiki?"

"Bugali wako ni theluthi moja ya kilichozidi. Theluthi tu." Aligeuza daftari ili nione, kana kwamba ningeelewa. "Mizani ilikuwa sawa, Mama. Bado kuna ndoo mbili kama yako. Siku nyingine."

Nikaikumbuka Jumapili ile ya kanisani. Niliona pindo la kitenge likikunjwa na kukunjuliwa. Nikaisikia ile sauti kali kuliko zote, mizani yako iliona nini. Siku za juma nikazihesabu kwa vidole, siku ambazo hazikuwa zangu wala za mzee. Nikatoa simu, na sikujua kama ni kwa aibu au ni kwa hasira ya kufanywa mjinga na watu wawili niliokuwa nawafanya wajinga.

Mama Furaha alipokea, nyuma yake kuna kelele za saluni.

"Koko, bibi yangu, nina kichwa cha mteja mkononi, sema."

"Watoto wa Madoa," nikasema. "Jumatatu na Alhamisi. Ulikuwa unawapa nini?"

Kelele za saluni ziliendelea. Kisha nikamsikia akiweka kitana chini.

"Nani amekuambia?"

Nilimtazama Mzee wa Mizani. Alikuwa ameshashika kalamu juu ya ule mstari mtupu, anangoja.

"Usiniulize nani," nikamwambia. "Sema ndoo yako ilikuwa ya lita ngapi."